Ufunguo kibogoyo unavyowatoa jasho mafundi wa Kariakoo

Mzee aliifungua leso taratibu, kama mtu anayetoa dawa. Ndani mlikuwa na ufunguo uliokatika vipande viwili, kichwa upande wake na meno upande wake. Akaviweka juu ya meza ya fundi, pembeni mwa jiliwa.

Fundi hakujishughulisha na meno. Alikichukua kile kipande cha mbele, akakigeuza ncha imtazame, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo kwa muda, mithili ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha akainua macho kwenye ubao wake, ambako funguo mpya zimening'inizwa kwa mamia kwenye misumari, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini kabisa.

"Mzee wangu, huu sina."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kando ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mhariri alinituma nikaandike habari za mafundi wa funguo, na nilitegemea kurudi na mambo ya mashine, bei na wezi. Nikaishia kukifuatilia kwa siku tatu kipande cha chuma ambacho kilikuwa bado hakijawa ufunguo.

Mzee ni mwalimu mstaafu. Nyumba yake ya Sinza aliijenga miaka ya 1980, na mlango wa mbele ni mninga mtupu, uliochongwa na seremala ambaye sasa ni marehemu. Kitasa kilifungwa wakati huohuo na hakijawahi kubadilishwa. Jina la kiwanda limekwisha kufutika kwa kushikwashikwa. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulipotea kwenye msiba, wa pili ukamkatikia mkononi Jumapili usiku.

Shida ni cha kuchonga

Anayesimama kwenye meza ya fundi funguo kwanza huona mashine. Ina taya mbili: moja inashika ufunguo wa zamani, nyingine inashika mpya. Kidole cha chuma kinafuata mabonde na vilima vya ule wa zamani, na gurudumu kali linakata vivyo hivyo kwenye mpya. Dakika mbili tatu, unapigwa brashi, umekwisha. Ufunguo wa kufuli la geti langu nilichongewa kwa shilingi 3,000, na fundi alikuwa anaongea na simu muda wote.

Kwa hiyo kuchonga si shida. Shida ni cha kuchonga.

Ule ufunguo mpya ambao haujachongwa wapo madukani wanaouita blanki. Mimi humu nitauita kibogoyo, maana ndivyo ulivyo: una kichwa, una shingo, una mwili, meno ndiyo hauna.

Hebu utazame ufunguo wa mlango wako. Ubavuni una mifereji iliyotoka shingoni hadi nchani. Wengi wetu tunaichukulia kama urembo. Kumbe ndiyo inayoupa ufunguo ruhusa ya kuingia, kwa sababu tundu la kitasa nalo lina mbavu za chuma, kila ubavu na mfereji wake. Meno huamua kama ufunguo utazunguka. Mifereji huamua kama utaingia. Kibogoyo ambacho mfereji wake umepishana nusu milimita na ubavu wa tundu hakikufai kitu, hata kikiwa kinang'aa kama kioo.

> Meno huamua kama ufunguo utazunguka. Mifereji huamua kama utaingia.

Ndiyo maana fundi aliitazama ncha. Ukiutazama ufunguo kwa mbele, unaliona umbo lake lote kwa mara moja: mfereji uko wapi, una kina gani, umeinamia kulia au kushoto. Nilijaribu kufanya kama yeye kwa funguo tano nilizokuwa nazo kwenye mkoba. Niliona vijistari tu. Yeye alinitajia zote, na wa kabati la ofisini akaniambia nisiupoteze.

Namba zilizozaliwa milimani

Kila umbo la mifereji lina namba yake kwenye katalogi, na hapo ndipo mgeni anapotea, kwa kuwa kila kiwanda kina namba zake. Kibogoyo cha Toyota, ambacho huwezi kukikosa kwenye ubao wa fundi yeyote Dar es Salaam, kampuni ya Silca ya Italia inakiita TOY43. JMA ya Hispania ina namba yake nyingine. Halafu kuna TOY43R, ambacho ukikitupia jicho utaapa ni kilekile, kumbe mifereji yake imegeuzwa, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Fundi kijana wa meza ya pili alikiri kwamba alipoanza kazi alishaharibu vibogoyo vinne kwa asubuhi moja kwa kuvichanganya hivyo viwili.

Silca wako Vittorio Veneto, kaskazini mwa Italia, chini ya milima. Huko juu milimani kuna kijiji kinaitwa Cibiana di Cadore, ambacho kwa vizazi vingi kilijulikana kwa kazi ya kutengeneza funguo. JMA wako Arrasate, katika nchi ya Wabaski. Vibogoyo vingi nilivyoviona kwenye maboksi ya Kariakoo vimeandikwa vimetoka China, lakini namba zilizopigwa kichwani bado ni za hao Wazungu.

Hata madini yake yana hadithi. Vile vizuri ni vya shaba ya njano, au vya shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, ambayo weupe wake huwafanya watu waseme ni fedha ingawa fedha haimo hata chembe. Vya bei ya chini ni chuma kilichopakwa nikeli juu. Vinakula gurudumu la mashine na vinakula pini za kitasa. Mafundi wanaviweka kwa sababu wateja wanavitaka, na wateja wanavitaka kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Vitasa vya dunia nzima

Pini zenyewe ni za kale. Wamisri walikuwa na makomeo ya mbao yenye vijiti vilivyodondoka ndani na kulizuia komeo lisisogee, na ufunguo wao ulikuwa kipande cha mti chenye vigingi vya kuvinyanyulia vile vijiti. Mmarekani Linus Yale Mdogo aliliingiza wazo hilo ndani ya silinda ndogo ya chuma, akapata hataza mwaka 1861 na nyingine 1865. Hakulifaidi muda mrefu, alifariki 1868.

Ufunguo wake mdogo na bapa ndio uliokuja kuizaa biashara ya vibogoyo. Kabla ya hapo ufunguo ulikuwa shina refu lenye kibapa mwishoni, na mhunzi mwenye tupa na subira aliweza kuutoa kwenye chuma chochote. Ufunguo bapa ulipowekewa mifereji ulihitaji kiwanda.

Kwetu vitasa vilikuja kwa makundi. Waingereza walileta vya Union, kutoka Willenhall, mji mdogo ulioishi kwa kazi ya vitasa na makufuli. India ilileta vyake: Godrej ilianza kutengeneza makufuli Bombay mwaka 1897, na mji wa Aligarh mpaka leo ukitajwa watu hukumbuka makufuli. Baadaye ikaja Italia, kisha milango ya chuma ya Kichina na ya Kituruki, yenye funguo za vishimo badala ya meno. Nchi iliyopokea vitasa kutoka kila pembe ya dunia imepokea na mifereji yake. Vibogoyo havikupanda meli hiyo.

> Nchi iliyopokea vitasa kutoka kila pembe ya dunia imepokea na mifereji yake. Vibogoyo havikupanda meli hiyo.

Cha ajabu, vitasa vikongwe zaidi ndivyo vyenye unafuu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una milango na makasha ambayo funguo zake ni zile za shina na kibapa. Fundi anaweza kuchukua ufunguo wowote wa zamani wenye shina la unene uleule, akakiondoa kibapa, akachomelea kingine kwa shaba, akakaa na tupa mpaka jioni. Ufunguo wa babu unatengenezeka. Ufunguo wa mwaka 1985 ndio unaomshinda.

Hesabu ya boksi

Jumatatu hiyo mchana nilifuatana na fundi kwenye maduka ya jumla. Mzee alikataa kuviacha vipande vya ufunguo wake, hata kwa saa moja. Alisema hakai mbali na ufunguo wa nyumba yake, na fundi hakubishana. Alitoa kipande cha sabuni ya mche kwenye droo, akaikandamiza ncha ya ufunguo, akaitoa. Umbo la mifereji likabaki kwenye sabuni, safi kama muhuri. Hiyo ndiyo tuliyozunguka nayo.

Duka la kwanza halikuwa nacho. La pili walikuwa na kinachofanana, lakini kilikuwa na mfereji mmoja zaidi. La tatu, kijana wa kaunta aliitazama sabuni, akatabasamu, akasema hicho kilikuwepo zamani, enzi za mzee wake.

Tatizo lao ni la hesabu. Vibogoyo huagizwa kwa boksi, na boksi moja ni umbo moja. Kibogoyo cha kufuli la kawaida kitaisha kwa wiki. Kile cha mzee wa Sinza kitauzwa kimoja leo na kingine pengine mwakani, vilivyobaki vishike vumbi. Mwenye duka analipa kodi ya fremu Kariakoo, mahali ambapo hata rafu ina bei yake. Sikuweza kumlaumu.

Viwanda navyo hubadilika. Kiwanda kinafungwa, au kinauzwa kwa kingine, au kinabadili mifereji ili toleo jipya lisiingiliwe na funguo za toleo la zamani. Kitasa kinaendelea kufunga na kufungua miaka arobaini baada ya hapo. Kibogoyo chake kinakuwa yatima.

Kwenye magari mambo yamechukua sura nyingine. Mitumba mingi ya Japani inashuka bandarini na ufunguo mmoja tu, na mnunuzi anashukuru kupata hata huo. Tangu Oktoba 1998 magari mapya ya Ulaya yanalazimika kuwa na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila chipu iliyo kichwani mwa ufunguo, na watengenezaji wengi wa kwingineko wakafuata njia hiyo. Kwa hiyo unaweza kupata kibogoyo, ukachonga meno sawasawa, mlango ukafunguka, na gari likagoma kuwaka. Hapo unamhitaji mtu wa kompyuta, ambaye bei yake haifanani na ya mtu wa tupa.

Wenye kusema "nunua kipya"

Muuza vifaa vya ujenzi ana jibu jepesi: ng'oa kitasa, weka kipya. Kwa milango mingi ana haki. Kitasa cha kisasa kitapatikana siku hiyohiyo, kitakuja na funguo tatu, na mwenye nyumba atalala salama.

Lakini kitasa kipya hakikai kwenye tundu la kile cha zamani. Mlango wa mzee wetu ungelazimika kutobolewa upya, na lile tundu la zamani kuzibwa kwa kipande cha mbao kisicholingana rangi. Ukiongeza bei ya kitasa, ya seremala na ya vanishi, unakuta mlango wa mninga unaharibiwa kwa ajili ya kipande cha shaba kisichozidi uzito wa sarafu chache. Mzee alipiga hesabu hiyo mbele yangu, kwa sauti, kama anasahihisha mtihani.

Ila kuna wanaotaka vibogoyo viadimike, na hoja yao nimeiona ina uzito. Kampuni za vitasa vya usalama wa juu huyakatia hataza maumbo ya mifereji yao. Kwa kawaida hataza hudumu miaka 20, na katika muda huo hakuna kiwanda kingine kinachoruhusiwa kutengeneza kibogoyo hicho. Mwenye kitasa hupewa kadi, na bila kadi hachongewi. Mwenye hoteli yenye vyumba mia mbili anataka hivyo. Hataki mhudumu aliyeacha kazi apite Kariakoo na ufunguo mkuu mfukoni, adai wake umechakaa.

Uadimu una mipaka yake, hata hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kuwa meno ya ufunguo yanaweza kusomwa kutoka kwenye picha iliyopigwa kwa mbali. Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa MIT walionyesha jinsi ya kuchapa kwa printa ya 3D ufunguo wa aina mojawapo ya vitasa vya Schlage ambavyo vibogoyo vyake vinadhibitiwa. Na mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ya funguo kuu zinazotumiwa na maofisa wa viwanja vya ndege vya Marekani kufungulia mabegi ya abiria. Mwaka uliofuata mafaili ya kuzichapa yalikuwa yamezagaa intaneti.

Ubishi huu umewapita umri wanaobishana. Joseph Bramah alipata hataza ya kitasa chake London mwaka 1784, na baadaye likawekwa kufuli dirishani mwa duka lake, zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo wake. Halikufunguka mpaka 1851, alipokuja Mmarekani Alfred Charles Hobbs, akalifanyia kazi saa 51 zilizogawanywa ndani ya siku 16, likaachia. Waingereza walikasirika. Wengine walisema mambo kama hayo yasitangazwe, yatawafundisha wezi. Hobbs na waliokuwa upande wake walijibu kuwa wezi wanajua tayari, wasiojua ni wenye nyumba.

Mimi naegemea huko. Mwizi wa mtaani kwetu hahangaiki na mifereji. Anakuja na mtaimbo, au anapita darini. Anayeumizwa na uhaba wa kibogoyo ni mwalimu mstaafu mwenye leso.

Ila siwezi kuwapaka mafuta mafundi. Katika siku tatu nilizokaa pale, wateja wengi walichongewa bila kuulizwa hata neno. Kijana mmoja alileta ufunguo wenye alama ya rangi nyekundu na namba ya chumba, akachongewa, akalipa, akaondoka. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtia hatiani anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, ila haikai mezani kwa fundi kumuuliza mteja ufunguo ni wa nani. Kuuliza hakuna gharama. Nilimwambia fundi hivyo, akaniambia, "Dada, nikianza kuuliza, anahamia meza ya pili."

Meza ya pili iko hatua nne kutoka hapo.

Masizi ya mshumaa

Jumanne fundi alilitoa kopo la Nido lililo chini ya meza. Ndani mna funguo mfu: zilizokosewa, zilizosahauliwa, zilizoachwa na watu waliobadili vitasa. Alizimwaga juu ya gazeti akaanza kuzichambua kwa kidole, kama mama anayechambua mchele. Wakati mwingine kibogoyo kinapatikana hapo, kwa maana ufunguo wenye meno mafupi kidogo tu unaweza kuchongwa tena ukawa mwingine.

Hakupata kilicho sawa. Alichopata ni kinene kuliko kinachotakiwa, chenye mfereji mmoja uliokaa mahali pake. Akasema hicho kitatosha, mzee alete silinda yenyewe ya kitasa.

Jumatano asubuhi mzee aliileta, kwenye leso ileile. Fundi alibana kibogoyo kwenye jiliwa, akachukua kipande cha msumeno wa chuma alichokinoa ubavuni mpaka kikawa chembamba kama wembe, akaanza kuukwangua mfereji wa pili kwa mkono. Alikwangua, akapuliza, akakwangua. Baada ya nusu saa hivi aliwasha mshumaa, akaupitisha ufunguo juu ya moto mpaka ukawa mweusi tii kwa masizi. Akauingiza kwenye silinda. Ukaingia robo, ukakwama.

Alipoutoa, palikuwa na doa dogo linalong'aa katikati ya weusi. Pale ndipo ubavu wa silinda ulipogusa. Akapakwangua palepale, si pengine. Masizi tena, silinda tena. Nusu. Masizi tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ufunguo ulizama wote hadi mabegani, na mzee, aliyekuwa hajasema neno tangu afike, akasema, "Eeh."

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mashine. Fundi alivipanga vile vipande viwili vya zamani kwenye taya, vikagusana palipokatika, akavikaza, akachonga meno taratibu kuliko kawaida. Akaujaribu. Silinda ilizunguka kwa mlio mdogo mkavu. Akachonga na wa pili kwa kutazamia vipande vilevile vya asili, akaeleza kuwa nakala ikitolewa kwenye nakala hukusanya makosa ya mwenzake. Kwa kibogoyo cha huo wa pili alianza upya na msumeno, na tulikula chakula cha mchana palepale.

Mzee alilipa shilingi 25,000 bila kuomba punguzo. Fundi akamuomba amwachie vile vipande vilivyokatika, apate sampuli, maana siku atakapotokea mwingine mwenye kitasa kama hicho asianze tena na mitihani. Mzee alivitazama, akavifunga kwenye leso, akaiweka leso mfuko wa ndani wa koti.

"Na ile sabuni," akasema.

Fundi alicheka. Akakitoa kile kipande kwenye droo, akakionyesha, bado kina alama ya mifereji, kisha akamimina maji ya chupa na kunawia masizi yaliyokuwa mikononi mwake.

Mzee alisubiri mpaka povu lilipokwisha.